Huduma Imfuate Mzee

Hotuba ya Kamati ya Jamii iliyosomwa kambini Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, katika kuadhimisha Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba

 

 Hatukuja kumlaumu mtu wala ofisi yoyote. Tumekuja kusema jambo moja tu, nalo ni hili: huduma nyingi za kumsaidia mzee zipo hapa kambini, lakini karibu zote zinamngoja mzee azifuate. Zinamngoja atembee, asimame kwenye foleni, asome tangazo, ajieleze kwa lugha ambayo huenda si yake. Anayeweza kuyafanya hayo yote, huyo bado ana nguvu. Asiyeweza, ambaye ndiye anayehitaji zaidi, anabaki nyumbani. Sisi tunaomba utaratibu ugeuzwe. Huduma ndiyo imfuate mzee.

KWA NINI TUNA SIKU HII

Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa siku ya wazee kwa azimio la mwezi Desemba 1990. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Desemba 1991, ukapitisha Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu Wazee. Kanuni hizo zimepangwa katika mafungu matano: kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na kuheshimiwa utu. Mwaka 2002 mkutano wa Madrid ulitoa mpango wa dunia nzima kuhusu uzee, na mpango huo unawataja wazee waliohamia nchi nyingine pamoja na wazee wanaokumbwa na hali ya dharura. Shirika la Wakimbizi nalo lina sera juu ya wazee wakimbizi tangu mwaka 2000.

Na hapa kwetu Afrika, tarehe 31 Januari 2016 mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee, ambayo ilianza kutumika mwezi Novemba 2024. Ndani yake kuna ibara inayohusu kuwalinda wazee wakati wa vita na maafa.

Tunayataja haya ili jambo moja lieleweke. Tunapomwombea mzee nafasi ya mbele au mkalimani, hatumwombei hisani. Tunaomba kile ambacho wakubwa wa dunia wamekwisha kukiandika na kukitia sahihi.

WAZEE WETU NI AKINA NANI

Katika hesabu za misaada, mzee ni mtu aliyetimiza miaka 60. Lakini sisi tunaoishi nao tunajua zaidi ya hesabu hiyo.

Wapo wazee wetu wa Fizi na Uvira ambao walivuka Ziwa Tanganyika mara ya kwanza wakati wa uasi wa mwaka 1964 na 1965, wakarudi nyumbani, wakajenga, wakapanda michikichi, kisha vita vya mwaka 1996 vikawatoa tena. Wapo wazee wa Burundi waliokimbia mwaka 1972, wengine wakakimbia tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Mtu aliyekimbia mara tatu amejenga nyumba mara nne. Mnapomwona amechoka, msidhani ni uvivu.

Tena tukumbuke hili. Kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1996, wengi wa wazee tunaowaona leo hawakuwa wazee. Mwanamume aliyeingia hapa akiwa na miaka 45, aliyebeba miti na kufyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe, leo amekwisha kuvuka 70. Hakuja mzee, amezeekea hapa. Lakini utaratibu wa huduma kwa sehemu kubwa bado ni ule wa dharura, uliopangwa kwa watu wanaoweza kutembea na kubeba. Kambi imezeeka pamoja na watu wake, na taratibu zake hazina budi kuuona uzee huo.

Isitoshe, wazee hawa si mzigo mtupu. Wengi wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamekufa au wametawanyika. Ndio wanaosuluhisha ugomvi wa ndoa kabla haujafika kwa walinzi wa jadi. Ndio wanaojua mipaka ya mashamba tuliyoyaacha, majina ya vijito na ukoo wa kila mtu. Siku ya kurudi nyumbani, ushahidi wa mashamba yale hautatoka kwa kijana aliyezaliwa hapa. Jungu kuu halikosi ukoko.

MAMBO YANAYOMZUIA MZEE

Kamati imekaa na wazee wenyewe, wanaume kwa wanawake, ikasikiliza. Tumeyakusanya malalamiko yao katika mafungu sita.

Kwanza ni umbali na foleni. Kambi ni kubwa. Mzee mwenye magoti mabovu anaondoka alfajiri, na akifika mahali pa posho au zahanati anakuta watu wamejaa. Hakuna kivuli cha kutosha wala benchi. Akienda pembeni kujisaidia, akirudi nafasi yake imechukuliwa. Akipata unga, hana wa kuubeba. Vijana wa mkokoteni wanadai malipo, naye hana fedha, kwa hiyo anawakatia sehemu ya unga ule ule. Posho imepimwa sawasawa kwenye mizani, lakini ikifika nyumbani kwake imekwisha kupungua.

Pili ni umri ulioandikwa. Wengi wa wazee wetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walipoulizwa mwaka walijibu kwa matukio, na mwandishi akakisia. Ndiyo maana watu wengi kwenye karatasi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Sasa akitokea mtu aliyekisiwa miaka 57 kumbe ana zaidi ya 70, hahesabiwi miongoni mwa wazee, na msaada uliotengwa kwa ajili yao unampita. Wengine wana vidole vilivyosuguliwa na jembe kwa miaka hamsini, hata mashine ya alama za vidole wakati mwingine inashindwa kuvisoma. Mzee anarudishwa kana kwamba si yeye.

Tatu ni lugha. Sisi vijana tunadhani kila mtu anajua Kiswahili. Sivyo. Bibi aliyeishi maisha yake yote milimani anajua Kibembe au Kifuliru chake. Mwingine anajua Kirundi tu. Matangazo yanapita kwa kipaza sauti kwa haraka, naye hajui yametangaza nini. Akienda kwa daktari anaongozana na mjukuu wa miaka kumi ili amtafsirie. Je, bibi atamweleza mjukuu ugonjwa wa tumbo la uzazi? Hawezi. Atasema kichwa kinauma, atapewa dawa ya kichwa, na ugonjwa wenyewe utabaki.

Nne ni maradhi ya uzeeni. Presha na kisukari si kama malaria. Malaria unatibiwa, unapona, unaendelea na kazi. Presha na kisukari vinataka dawa kila siku na kurudi kupimwa mara kwa mara. Mzee akikosa safari moja kwa sababu ya mvua au magoti, dawa inakatika, na ikikatika anaweza kupooza. Wengine wamepofuka kwa mtoto wa jicho na watu wanasema ni uzee tu, kumbe mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi na mtu akaona tena. Lakini rufaa ya kutoka kambini inataka karatasi na kibali, na karatasi zinataka mtu wa kuzifuatilia. Mzee anayeishi peke yake hana mtu huyo.

Tano ni chakula na makazi. Mahindi na maharage yasiyoiva vizuri si chakula cha mtu asiye na meno, na kuyaivisha kunataka kuni nyingi ambazo mzee hawezi kuzifuata porini. Mwaka 2023, misaada ya wafadhili ilipopungua, posho ilishushwa hadi nusu ya kiwango kamili. Aliye na nguvu alihangaika hapa na pale. Mzee alihangaikia wapi? Nyumba nazo zinavuja na hana wa kupanda juu. Choo cha kuchuchumaa hakina hata mti wa kushikia, na usiku ni giza. Wapo wanaojinyima maji jioni ili wasilazimike kwenda chooni usiku.

Sita ni upweke. Tumeona watoto wakipata safari ya kwenda Marekani, Kanada au Australia, na mzazi akabaki kwa sababu faili lake ni jingine au ugonjwa wake haujamalizika kuchunguzwa. Tunawapongeza waliopata safari. Lakini kwa mzee aliyebaki, siku ile ya basi ndiyo siku aliyopoteza mchota maji, msaka kuni, msomaji wa matangazo na mtu wa kuzungumza naye jioni.

WENGINE WAMEFANYAJE

Haya tunayoyasema si mageni duniani, na tunaweza kujifunza kwa wengine.

Nchi iliyotupokea ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na katika vijiji vya Tanzania yapo mabaraza ya wazee ambamo wazee wenyewe huzungumzia mambo yao. Katika vituo vya afya vya nchi hii utakuta dirisha la wazee, na watu wanahimizwa kumpisha mzee ahudumiwe kwanza. Kule Zanzibar, tangu mwezi Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 alianza kulipwa pensheni ya Serikali, wakati ule shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa kama alikuwa mtumishi wa ofisini, mkulima au mvuvi. Somo tunalolipata hapo ni kwamba masharti yakiwa machache, mzee hapotei njiani.

Hata huko mbali walikokwenda ndugu zetu kuna la kujifunza. Australia ilianzisha huduma ya wakalimani kwa njia ya simu mwaka 1973. Mtumishi wa ofisi anapiga simu, mkalimani anasikika, na mgeni anaeleza shida yake kwa lugha yake. Na kwa miaka mingi halmashauri za miji, hasa katika jimbo la Victoria, zilipeleka majumbani mwa wazee msaada wa usafi na chakula kilichopikwa tayari. Mzee hakukifuata chakula, chakula kilibisha hodi kwake. Lakini hata huko, wazee waliotoka nchi nyingine walichelewa kuzifikia huduma hizo, kwa sababu fomu zilikuwa za Kiingereza na hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba huduma hiyo ni yao pia. Kwa hiyo tusidhani kwamba shida ni umaskini wa kambi peke yake. Mahali popote huduma ikikaa ofisini na kungoja, mzee mgeni ndiye wa mwisho kuipata.

MAOMBI YETU

Baada ya kuyatafakari hayo, Kamati inaomba mambo saba. Mengi hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mpango.

1. Kila bloku iwe na daftari la wazee. Liandikwe jina, lugha anayoisema, anaishi na nani, anatumia dawa gani, na nani aitwe akizidiwa. Daftari litunzwe kwa siri na watu walioaminiwa, si kila mpita njia alisome.

2. Umri uangaliwe upya kwa kutumia kalenda ya matukio. Mtu anayekumbuka Uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, hawezi kuwa na umri chini ya miaka 60. Vivyo hivyo kwa anayekumbuka Uhuru wa Burundi, tarehe 1 Julai 1962. Wazee wa ukoo na majirani waruhusiwe kutoa ushahidi.

3. Siku ya posho, saa za kwanza za asubuhi ziwe za wazee, wagonjwa na walemavu, pawe na kivuli na mabenchi. Asiyeweza kufika amchague mwenyewe mtu wa kumchukulia. Asichaguliwe na kiongozi wake. Na posho ikifika nyumbani, mzee aoneshwe kilichopimwa. Vikundi vya vijana vipangiwe zamu ya kuwabebea bila malipo.

4. Kila kituo cha huduma kiwe na orodha ya wakalimani wazima, wanawake na wanaume, wa Kibembe, Kifuliru, Kirundi na lugha nyingine zilizopo. Mtoto asifanywe mkalimani wa mambo ya siri ya bibi yake. Matangazo muhimu yapitishwe nyumba kwa nyumba kwa wale walio kwenye daftari.

5. Wahudumu wa afya wa jamii wamtembelee mzee asiyeweza kutoka angalau mara moja kwa mwezi, wampime presha, waangalie dawa zake na macho yake, na pale daktari anaporuhusu wampelekee dawa. Mzee mwenye rufaa apewe mtu wa kumfuatilia karatasi mpaka siku ya safari.

6. Nyumba na vyoo vya wazee vitangulizwe katika matengenezo kabla ya mvua. Mti imara wa kushikia chooni na kiti cha mbao chenye tundu ni kazi ya fundi wa siku moja. Tunaomba mbao na misumari tu, kwa kuwa mafundi tunao humu humu kambini.

7. Wazee wawe na viti vyao katika kamati zote zinazopanga huduma, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na mikutano ifanyike mchana, karibu na wanakoishi. Penye wazee hapaharibiki neno.

KUHUSU KURUDI NYUMBANI

Tusingependa kumaliza bila kugusa jambo ambalo wazee walilisema kuliko yote. Wengi walituambia kwamba wanatamani kuzikwa kwao. Wengine walisema wamekwisha kuzika wake, waume na watoto hapa Nyarugusu, na hawawezi kuyaacha makaburi hayo. Yote mawili ni maneno ya mtu mzima mwenye akili zake.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa tarehe 10 Septemba 1969 unasema wazi kwamba kurudi kwa mkimbizi ni kwa hiari yake. Hiari hiyo ni ya mzee vilevile. Asiandikishwe na mtoto wake bila kuulizwa, wala asizuiwe na mtoto wake. Aelezwe hali ya kule aendako kwa lugha anayoielewa: kuna zahanati karibu? Dawa ya presha ipo? Shamba lake linakaliwa na nani? Akishajua hayo, aachwe aamue mwenyewe. Mtu aliyeamuliwa na vita maisha yake yote, angalau uamuzi huu wa mwisho uwe wake.

NENO KWA VIJANA NA KWA WAZEE

Ninyi vijana wetu, mashirika huja na kuondoka, na bajeti hupanda na kushuka. Jirani ndiye anayebaki. Mtungi mmoja wa maji unaoupeleka kwa bibi wa nyumba ya tatu hauhitaji mradi wala mfadhili. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hayo magoti unayoyaona kwake leo ni ya kwako kesho.

Na ninyi wazee wetu, tunawaomba msinyamaze. Wengi mmezoea kusema, "Wacha wapate watoto kwanza." Tunawaheshimu kwa moyo huo. Lakini mzee anayeficha ugonjwa wake anawaachia wajukuu msiba mapema. Semeni mkiumwa, semeni mkipunjwa, na mkiitwa kwenye mkutano njoni. Asiyeweza kuja atume neno, nasi tutamfuata.

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi, na ninyi wawakilishi wa mashirika, tunawashukuru kwa yale yaliyokwisha kufanyika, kwani tunajua mnafanya kazi kwa fedha zinazopungua. Tunawaomba muyapokee haya saba kama maombi ya watu wanaotaka kushirikiana nanyi. Kamati iko tayari kuanza na yale yaliyo ndani ya uwezo wake: daftari, orodha ya wakalimani, na zamu za vijana wa kubeba posho. Tunaomba tukutane tena kabla ya mvua kubwa, tuhesabu pamoja yapi yamefanyika na yapi bado.

Mungu awape wazee wetu nguvu na siku njema.